Louis Pasteur na Kichaa cha Mbwa

Kila afugaye mbwa au paka yampasa kumshukuru mtu mmoja wa Ufaransa, jina lake Louis Pasteur. Nataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake kwa ufupi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Louis alikulia Arbois, na alipokuwa na miaka 8 mbwa mwitu mwenye kichaa alitokea pande zile akauma watu. Walioumwa walichomwa vidonda kwa chuma cha moto kwa mhunzi, maana dawa nyingine haikuwako. Hata hivyo wengine walikufa.

Louis alisoma kemia huko Paris, wala hakuwa daktari. Alionyesha kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyochachusha mvinyo na kuharibu maziwa. Misiba haikumkosa: katika watoto wake 5, watatu walikufa wangali wadogo, na mwaka 1868 yeye mwenyewe alipooza upande wa kushoto. Lakini hakuacha kazi. Mwaka 1881 alichanja kundi la kondoo, kisha akawatia ugonjwa wa kimeta pamoja na wenzao wasiochanjwa. Wasiochanjwa walikufa, waliochanjwa wakabaki wazima.

Ndipo akaingia katika kazi ya kichaa cha mbwa. Kazi hii ilikuwa ngumu, kwa kuwa kijidudu chake ni kidogo mno, hata kwa darubini ya siku zile hakikuonekana. Yeye na mwenzake, Emile Roux, walichukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, wakaukausha ndani ya chupa. Kadiri ulivyokauka, ndivyo sumu yake ilivyopungua nguvu. Kwanza waliwajaribu mbwa.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimleta mwanawe, Joseph Meister, mwenye miaka 9. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemuuma mara nyingi siku mbili kabla. Pasteur alikuwa na hofu kubwa, maana dawa ikimdhuru mtoto, lawama ni yake. Lakini akimwacha, huenda mtoto angekufa. Basi daktari Grancher akampiga sindano, akianza na dawa dhaifu kabisa na kupanda kidogo kidogo, sindano 13 kwa jumla. Mtoto akapona. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ubawabu katika Chuo cha Pasteur, kilichofunguliwa Paris mwaka 1888.

Lakini si wote waliopona. Mwaka ule ule wa 1885 aliletwa msichana wa miaka 10, siku 37 baada ya kuumwa. Pasteur alijua kwamba wakati umepita, lakini hakuweza kuwafukuza wazazi wake. Msichana yule akafa. Sababu ni hii: ugonjwa husafiri polepole kutoka kwenye kidonda mpaka kwenye ubongo. Chanjo ikitangulia, mtu huokoka. Ugonjwa ukitangulia, karibu hakuna tena la kufanya. Mpaka leo ni hivyo hivyo.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo sasa ni siku ya kichaa cha mbwa duniani kote.

Wenzangu, mimi naona kwamba tunamheshimu Pasteur si kwa kukariri jina lake kwa ajili ya mtihani tu. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Na bwana mifugo akija kuchanja, tuwapeleke mbwa na paka wetu wote. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Waliokufa kule Arbois hawakuwa na dawa. Sisi tunayo, tukifa kwa uvivu, tutamlaumu nani?