Edwin Armstrong: Aliyeyashinda mawimbi ya redio, akashindwa mahakamani

KILA anayezungusha kitufe cha redio kutafuta masafa, awe polisi aliye doria au msikilizaji nyumbani, hunufaika na kazi ya Edwin Howard Armstrong. Mhandisi huyo wa Marekani aliibadilisha redio mara tatu, ila miaka mingi ya maisha yake ilimalizikia katika kesi za kupigania haki ya uvumbuzi wake.

Armstrong alizaliwa jijini New York mnamo Desemba 18, 1890, akakulia mjini Yonkers. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, aligundua namna ya kurudisha sehemu ya umeme uliokuzwa na vali ya redio ndani ya vali hiyo hiyo, ili ukuzwe tena na tena. Sauti zilizokuwa hafifu mno zikasikika waziwazi.

Lee de Forest, aliyebuni vali hiyo mnamo 1906, alidai kuwa ugunduzi huo ni wake. Kesi ilivutana kwa miaka mingi hadi 1934, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipompa de Forest ushindi. Armstrong alitaka kurudisha nishani aliyotunukiwa na chama cha wahandisi wa redio kwa kazi hiyo, lakini wenzake wakakataa kuipokea. Kwao, mvumbuzi alikuwa yeye.

Ugunduzi wa pili aliufanya mwaka 1918 jijini Paris, akitumikia jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza. Katika mtambo huo, uitwao supaheterodini, mawimbi yanayoingia huchanganywa na mengine yanayozalishwa ndani ya redio, yakatoa masafa yasiyobadilika ambayo ni rahisi kuyakuza na kuyachuja. Redio nyingi za zamani zilikuwa na vitufe kadhaa vya kurekebishwa kimoja baada ya kingine. Mbinu ya Armstrong ilifungua njia ya kutumia kitufe kimoja tu.

Katika redio nyingi za kisasa za mawasiliano, kitufe hicho hakisogezi tena vibati vya chuma. Hutoa midundo ya umeme ambayo kompyuta ndogo huihesabu, kisha ikabadilisha masafa hatua kwa hatua. Fundi anayeweka kitufe kipya hana budi kuchagua chenye idadi ya midundo inayolingana na redio, la sivyo masafa yatarukwa au yasogee kwa kusuasua. Hata hivyo, katika nyingi ya redio hizo, kinachobadilishwa ni yale yale mawimbi ya ndani aliyoyatumia Armstrong.

Mnamo Desemba 1933 alipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, za mfumo wa FM. Badala ya kubadilisha nguvu ya mawimbi, alibadilisha masafa yake, na kelele za radi zikapungua sana. Mwaka 1940, polisi wa jimbo la Connecticut walianza kuwasiliana kwa redio za FM zilizofungwa magarini. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, Armstrong aliliruhusu jeshi la Marekani kutumia hataza zake bila malipo.

Nje ya jeshi, mambo yalikwenda kombo. Kampuni ya RCA, chini ya David Sarnoff aliyekuwa rafiki yake, ilimtaka mwaka 1935 aondoe mitambo yake ya majaribio katika jengo la Empire State. Mwaka 1945, serikali iliihamishia FM katika masafa mengine, na redio zilizokwisha kununuliwa zikakosa kazi. Armstrong aliishtaki RCA mwaka 1948 kwa kutumia uvumbuzi wake bila idhini.

Kesi hiyo ilimmalizia mali na afya, na ndoa yake ikayumba. Usiku wa Januari 31, 1954, alijitoa uhai jijini New York akiwa na umri wa miaka 63.

Mjane wake, Marion, hakukata tamaa. Mwaka huo huo RCA ilikubali kumlipa takriban dola milioni moja. Aliendelea kuzikabili kampuni nyingine, na kesi ya mwisho, dhidi ya Motorola, ikamalizika kwa ushindi mwaka 1967.

Ushindi huo ulikuja miaka 13 baada ya Armstrong kuzikwa. Masafa ya megahezi 88 hadi 108, ambako FM ilihamishiwa kwa hasara yake, ndiyo yanayotumiwa leo na stesheni za FM nchini Kenya.