Arnold Dolmetsch, fundi aliyeifufua rekoda

MZAZI wa Riruta anayemwandalia mwanawe kurudi shuleni huenda akakuta kwenye orodha ya mahitaji, baina ya madaftari na kalamu za rangi, jina la ala ya muziki: rekoda. Si kile chombo cha kunasia sauti, ingawa majina yamegongana. Hii ni filimbi ya plastiki yenye matundu manane, saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Tangu mtaala wa umilisi, CBC, ulipofika Gredi ya Nne mwaka wa 2020, watoto wa Satellite na Kawangware wamejifunza kuipuliza darasani, na majirani nao hawana budi kuisikia jioni.

Ni wachache wanaojua kuwa mwanzoni mwa karne ya ishirini ala hiyo ilikuwa karibu imekufa. Ilikuwa imebaki katika makavazi na mikononi mwa wakusanyaji wa vitu vya kale, na wengi waliokuwa nayo hawakujua kuipuliza. Aliyeirejesha katika uhai alikuwa fundi mkaidi aliyezaliwa Ufaransa, Arnold Dolmetsch.

Dolmetsch alizaliwa mjini Le Mans tarehe 24 Februari, 1858, katika ukoo wa mafundi wa piano na vinanda. Kabla hajasomea muziki alikuwa amekwisha kushika randa na patasi katika karakana ya familia, na huo ndio ufunguo wa maisha yake yote. Baadaye alisomea fidla mjini Brussels chini ya Henri Vieuxtemps, kisha mwaka wa 1883 akaingia katika chuo cha kifalme cha muziki jijini London. Akapata kazi ya kufundisha wavulana fidla katika shule ya Dulwich.

Huenda angebaki mwalimu wa fidla hadi uzeeni, lau si safari zake katika maktaba ya British Museum. Mwaka wa 1889 alikuta humo maandishi ya muziki wa Kiingereza wa karne ya kumi na sita na kumi na saba ambao hakuna aliyeupiga tena. Wasomi wa wakati huo waliuona kama hatua za mtoto anayejifunza kutembea, kabla muziki haujakomaa. Dolmetsch alishikilia kinyume: muziki huo haukuwa na upungufu wowote, ila ulipigwa kwa ala zisizo zake. Anayetaka kuusikia sharti kwanza aunde ala.

Basi akaunda. Mwaka wa 1893 alikamilisha luti, binamu wa udi unaosikika katika taarabu ya Mombasa na Unguja, kwani Ulaya iliipokea ala hiyo kutoka kwa Waarabu. Zikafuata ala za vibonye zilizotangulia piano. Miongoni mwa waliomuunga mkono walikuwa William Morris na George Bernard Shaw, lakini sifa za watu wakubwa hazilipi kodi ya nyumba. Mwaka wa 1901 Dolmetsch alitangazwa mufilisi. Alikwenda Marekani kufanya kazi katika kiwanda cha Chickering, kisha cha Gaveau jijini Paris, na vita vya 1914 vilipozuka akarudi Uingereza. Mwaka wa 1917 alihamia mji mdogo wa Haslemere pamoja na mkewe wa tatu, Mabel, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

Kati ya mali yake chache za thamani ilikuwamo rekoda ya mti iliyotengenezwa na Peter Bressan, fundi wa London aliyefariki mwaka wa 1731. Aprili 1919, familia ikirejea kutoka jijini, mkoba uliokuwa na rekoda hiyo ulisahauliwa katika stesheni ya Waterloo. Kwa mujibu wa simulizi ya familia, aliyeusahau alikuwa Carl, mwana wa umri wa miaka saba.

Pigo hilo ndilo lililozaa rekoda ya kisasa. Akitegemea vipimo alivyokuwa amevichukua na kumbukumbu ya sauti yake, Dolmetsch alianza kuchonga nyingine. Kwa nje ni bomba tu. Siri imo katika ule mwanya mwembamba unaopeleka pumzi kwenye ukingo mkali wa dirisha: ukizidi au ukipungua kidogo sana, ala hukoroma au hunyamaza. Alitupa nyingi kabla ya kuridhika. Ilipofika mwaka wa 1926, mwaka mmoja baada ya kuanzisha tamasha lake la Haslemere, alikuwa na familia kamili ya rekoda, kuanzia sauti nyembamba hadi besi.

Kutoka hapo mambo yalitoka mikononi mwake. Peter Harlan, fundi Mjerumani aliyefika kwenye tamasha la 1925, alirudi kwao na wazo hilo, na viwanda vikaanza kutoa rekoda kwa wingi. Wajerumani walibadilisha matundu ili noti ya fa iwe rahisi kwa mtoto anayeanza, lakini wakaiharibu fa iliyopandishwa nusu toni. Mpaka leo aina zote mbili zinauzwa, na mwalimu ambaye nusu ya darasa lake limenunua hii na nusu ile anaijua adha yake. Uingereza nako, katika miaka ya 1930, Edgar Hunt aliipeleka rekoda kwa walimu wa shule za kawaida, waliohitaji ala nafuu kwa watoto wengi.

Kosa kubwa la darasani ni kuipuliza kwa nguvu. Rekoda hutaka pumzi ndogo, kama ya mtu anayepoza chai. Ukiikazania hupiga mayowe. Wachungaji wa Kikuyu waliopuliza muturiru na Wadigo wenye chivoti yao wasingehitaji kuambiwa hivyo.

Ufaransa ilimtunukia Dolmetsch nishani mwaka wa 1938. Alifariki Haslemere tarehe 28 Februari, 1940, kabla rekoda za plastiki hazijaenea. Aliyeingia katika njia hiyo baada ya vita, na hivyo kuifikisha ala hiyo kwa watoto ambao wazazi wao wasingemudu ya mti, ni Carl, yule mtoto wa mkoba wa Waterloo. Aliiendesha karakana ya babake kwa miongo mingi, akafariki mwaka wa 1997.