Daktari Banting na Peremende za Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu hapa Londiani kuna ubishi: je, mdogo wangu mwenye ugonjwa wa sukari aruhusiwe kula peremende? Nyanya husema hata moja ni sumu, na humpekua mifuko kila jioni. Mimi humjibu kwa maisha ya Frederick Banting.

Banting alizaliwa mwaka wa 1891, mtoto wa mkulima huko Kanada. Akawa daktari, akajeruhiwa mkononi vitani mwaka wa 1918. Enzi hizo mtoto mwenye sukari hakunyimwa peremende tu, alinyimwa chakula! Alikonda akabaki mifupa, na bado alikufa. Mwaka wa 1921, mjini Toronto, Banting na kijana Charles Best walianza kutafuta dawa katika kongosho za mbwa. Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, akadungwa. Sindano ya kwanza haikumfaa. Ya pili, iliyosafishwa na James Collip, ikamwinua. Hiyo ndiyo insulini. Banting alipopata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1923 alimgawia Best nusu ya pesa zake. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1941.

Lakini insulini ikizidi, au mtoto akikosa kula, sukari hushuka mno. Hapo switi ndiyo dawa. Siku za kawaida huliwa kidogo tu, tena ihesabiwe kwenye kipimo cha sindano.

Juzi mdogo wangu alianza kutetemeka njiani, jasho tele. Mifuko ilikuwa mitupu, ikabidi nikimbilie dukani. Alipona. Nyanya alisikia, akanyamaza. Tangu siku hiyo hajampekua.