Mfalme Hezekia na Mfereji Wake

Wakitajwa wafalme wa Waebrania, wengi wetu hukumbuka Daudi na Sulemani tu. Mimi nimemchagua Hezekia wa Yuda, kwa kuwa kazi ya mafundi wake yaonekana hata leo.

Alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 25, akatawala miaka 29. Ahazi, baba yake, aliwalipa Waashuri kodi. Karibu na mwaka 722 K.K. Waashuri hao waliteka Samaria, mji mkuu wa ndugu zao wa kaskazini, wakawahamisha watu. Basi Hezekia alimjua vema adui wake. Hata hivyo alikataa kulipa kodi.

Kwanza aliwaza habari ya maji. Chemchemi ya Gihoni ilikuwa chini bondeni, nje ya mji. Mafundi wakatoboa mwamba kwa makundi mawili, moja huku na moja kule, zaidi ya futi 1,700, tena kwa njia ya kupindapinda, wakakutana katikati! Mwalimu wetu wa hesabu mwenyewe angekuna kichwa. Mwaka 1880 kijana mmoja aliona maandishi ukutani mwa mfereji, yaelezayo jinsi wachimbaji walivyosikia sauti za wenzao ndani ya mwamba. Jiwe hilo liko Istanbul.

Mwaka 701 K.K. Senakeribu akaja na jeshi. Alijisifu kuwa ameteka miji 46 yenye kuta. Mmojawapo ni Lakishi, na picha za kuchongwa za maangamizi yake ziko London. Hezekia akaomba radhi, akapeleka talanta 30 za dhahabu na fedha nyingi, hata akabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Wako wamlaumuo, mimi simlaumu, maana Lakishi ulikuwa mwendo wa siku mbili tu. Lakini Waashuri hawakutosheka, wakataka mji wenyewe. Hapo Hezekia, akitiwa moyo na nabii Isaya, hakufungua malango.

Biblia yasimulia kwamba malaika alilipiga jeshi lile usiku. Senakeribu katika kumbukumbu zake ahesabu kodi aliyopokea, wala hasemi po pote kwamba aliingia Yerusalemu. Alirudi Ninawi, akauawa na wanawe mwenyewe mwaka 681 K.K.

Hezekia alipokufa, Manase mwanawe, mtoto wa miaka 12, alirithi kiti. Naye akawa mtumishi wa Waashuri kama babu yake.