Arthur Hill Hassall: Hadubini Mwilini na Sokoni

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si udaktari, lakini safari hii nawasimulia habari za daktari Mwingereza, kwa sababu maisha yake yanatuachia swali sisi wanafunzi wa Kiriri.

Arthur Hill Hassall alizaliwa mwaka 1817 huko Teddington, karibu na London, akajifunza tiba Dublin. Alipenda sana hadubini. Kwanza aliitumia kuchunguza mwani wa maji baridi, akatoa kitabu mwaka 1845. Kisha akageukia mwili wa binadamu, na kati ya 1846 na 1849 akachapisha kwa sehemu kitabu kikubwa cha anatomia ya hadubini.

Humo aliieleza tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ambayo ni kubwa utotoni na husinyaa mtu anapokua. Ndani yake aliona viduara vya seli zilizozungukana tabaka kwa tabaka, mfano wa maganda ya kitunguu. Hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Kazi ya tezi yenyewe haikujulikana zama zile. Ilipita zaidi ya miaka 100 ndipo Jacques Miller, mwaka 1961, alipoonyesha kwa panya wachanga kwamba bila thaimasi kinga ya mwili haijengeki sawasawa. Seli T, ambazo baadhi yake hushambuliwa na virusi vya UKIMWI, hukomaa humo. Hassall alichora na kuandika alichokiona. Waliokuja baadaye wakapata pa kuanzia.

Hadubini ile ile akaipeleka sokoni. Mwaka 1850 alichunguza maji waliyokunywa watu wa London, akaonyesha uchafu na vijidudu vilivyomo. Kuanzia 1851 hadi 1854 alipima vyakula vya madukani kwa ajili ya jarida la Lancet. Alikuta shabu kwenye mkate, mizizi ya chikori kwenye kahawa, risasi kwenye rangi za peremende. Jarida likachapisha majina na anwani za wauzaji. Bunge likaunda kamati, na mwaka 1860 ikapitishwa sheria ya kwanza ya jumla dhidi ya kughushi vyakula. Baadaye aliugua mapafu, akaanzisha hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Ventnor. Alifariki San Remo, Italia, mwaka 1894.

Ndugu zangu, sisi tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka na kukuta chini kumelowa. Hakutosheka na kilichoonekana juu. Kutokana na mafunzo kama hayo, miji ya Kiislamu ikawa na muhtasibu, mkaguzi wa mizani na vyakula. Hassall hakuwa Muislamu, lakini kazi aliyoifanya tunaitambua.

Swali langu ni hili: mawese, asali na maziwa tunayonunua hapa Bujumbura, nani anatia mkono ndani ya rundo? Sisi wa sheria tunaweza kusema kughushi ni haramu. Kuthibitisha kwamba kitu kimeghushiwa kunahitaji wenzetu wa kemia, biolojia na tiba. Basi tusiitane msikitini tu; tuitane na maabara pia.

Wabillahi tawfiq.