Rembrandt, mchoraji aliyejichora mwenyewe

Jina la Rembrandt wamelisikia hata wale wasiojua kushika brashi. Alikuwa Mholanzi, mwana wa msaga nafaka, aliyezaliwa katika mji wa Leiden mwaka wa 1606. Kinu cha baba yake kilikuwa karibu na mto Rhine, na kwa mto huo ndipo ukoo wao ukaitwa van Rijn. Katika miaka 63 ya uhai wake aliuchora uso wake mwenyewe mara karibu 80: kiasi cha 40 kwa rangi ya mafuta, zaidi ya 30 kwenye mabamba ya shaba, na zilizosalia kwa kalamu na wino. Wengi wakisikia hesabu hiyo husema kuwa huyu alikuwa mtu wa kujiona. Mimi naona sivyo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza niseme kwamba wako miongoni mwa wasomaji wetu, tena wenye ilimu kunishinda, wasiopendezwa na sura ya kiumbe kuchorwa. Nami nimesoma chuoni, na maneno hayo nayajua. Mlango huo sitaufungua leo. Nazungumza juu ya maisha ya mtu na taabu ya kazi yake.

Basi mtazame kijana wa miaka 22, hana fedha za kumlipa mtu akae mbele yake kutwa bila kujitikisa. Atamchora nani? Kioo kipo. Uso wake mwenyewe hautaki ujira, wala haunung'uniki ukichorwa vibaya. Picha ndogo aliyojichora kiasi cha mwaka wa 1628, ambayo imehifadhiwa Amsterdam, haipiti ukubwa wa ukurasa wa kitabu. Humo aliyafunika macho yake kwa kivuli hata ni kazi kuyaona, jambo ambalo mteja mlipaji asingelikubali hata kidogo. Kisha akaigeuza brashi, akazikwaruza nywele kwa ncha ya mpini rangi ikiwa bado mbichi. Mwaka wa 1630 alikaa mbele ya kioo akicheka, akinuna, akitoa macho kwa mshangao, na kila sura akaichora kwenye shaba. Alikuwa akisoma jinsi furaha na hofu zinavyokaa usoni mwa mwanadamu. Mwaka uliofuata alijichora amepiga kilemba na mavazi ya mashariki, na picha hiyo iko Paris.

Neema ilimjia mapema. Alihamia Amsterdam, akamwoa Saskia mwaka wa 1634, na mwaka wa 1639 akanunua nyumba kubwa kwa gilda 13,000, deni ambalo hakulimaliza. Alikuwa hapitwi na mnada: silaha, makombe ya pwani, kofia za vita, picha za mabingwa, vyote akivibeba nyumbani. Watoto watatu walimfia wangali wachanga, akabakiwa na Titus. Saskia naye akafariki mwaka wa 1642, mwaka ule ule alioikamilisha ile picha kubwa ya walinzi wa mji, ijulikanayo kama Zamu ya Usiku. Kuna hadithi ipendwayo mno kwamba wenyewe waliikataa picha hiyo na ndipo akaanguka. Si kweli, waliipokea na wakamlipa.

Lililomwangusha ni deni. Na juu ya deni, mkono wake ulikataa kufuata mtindo. Matajiri wa Amsterdam walikuwa wameanza kupenda picha laini, nyangavu, zisizoonyesha alama ya brashi. Yeye akazidi kuirundika rangi ikasimama kama chokaa ya ukutani, akiikwangua na hata kuikandamiza kwa kisu. Mwaka wa 2019 wataalamu wa kemia walikuta katika sehemu zake nene nyeupe madini ya risasi ambayo ni nadra kuonekana, nao wakasema yamkini aliyatengeneza mafuta yake kwa namna yake mwenyewe. Mtu wa majaribio huyo.

Majaribio yana gharama. Mwaka wa 1654 mfanyabiashara mmoja wa Kireno, Diego d'Andrada, alilalamika kwa maandishi kuwa picha ya msichana aliyoiagiza haikufanana naye, na akataka arudishiwe gilda 75 alizotanguliza. Rembrandt alijibu kwamba amalizie kulipa kwanza, ndipo naye amalizie kuchora, kisha wakuu wa chama cha wachoraji waamue. Je, msomaji, mtu mwenye madeni hujibu hivyo? Yeye alijibu.

Nisimpambe kupita kiasi. Geertje, yaya wa Titus, alimshtaki kwa kuvunja ahadi ya ndoa, na baraza likamwamuru amlipe gilda 200 kila mwaka. Mwaka wa 1650 Rembrandt alisaidia kumfungisha mama huyo katika nyumba ya kuwarudi wanawake huko Gouda, akakaa humo kiasi cha miaka mitano. Sioni la kumtetea hapo.

Mwaka wa 1656 alifilisika. Vitu vyake vikaandikwa kimoja kimoja, vikapigwa mnada, na nyumba ikauzwa mwaka wa 1658. Mwaka huo huo alijichora ameketi kwa mavazi ya rangi ya dhahabu na fimbo mkononi, kama sultani anayepokea wageni. Picha hiyo iko New York. Tena ni katika miaka hiyo ya dhiki alipozinakili picha za wafalme Waislamu wa Mughal waliotawala Bara Hindi, akiwemo Shah Jahan. Mji wake ulikuwa bandari ya merikebu zilizotembea bahari yetu hii, na picha hizo zilimfikia. Nakala zaidi ya 20 zimesalia, zimechorwa kwenye karatasi ya Asia kwa mkono mwepesi wa ajabu.

Baraza la mji lilimpa kazi moja kubwa, ya Claudius Civilis na wenzake wakila kiapo. Ilitundikwa muda mfupi, ikateremshwa mwaka wa 1662, na mwenyewe akaikata ili kipande kipate mnunuzi. Kipande hicho kiko Stockholm. Mwaka huo akauza hata kaburi la Saskia. Hendrickje, aliyeishi naye na kumzalia binti bila ndoa, alifariki mwaka wa 1663, na Titus mwaka wa 1668.

Aliyebaki kumkalia ni yule wa kwenye kioo. Katika picha iliyoko Kenwood, London, mkono ulioshika brashi ni mikwaruzo tu, akauacha hivyo. Na katika ile ya mwaka wa 1669, iliyoko pia London, uso umelegea, ngozi ya chini ya macho imevimba, na hakuna alichokificha. Eksirei imeonyesha kwamba awali alijichora ameshika brashi. Baadaye akaifuta, akaifumbata mikono yake mitupu. Alikufa tarehe 4 Oktoba mwaka huo, akazikwa katika kaburi la kukodi.