Tancred Ibsen na Sauti ya Filamu za Norwei

Tancred Ibsen (1893–1978) alizaliwa katika ukoo uliokwisha kujaa sifa. Babu yake mzaa baba alikuwa Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia. Mzaa mama alikuwa Bjørnstjerne Bjørnson, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1903. Urithi huo ulikuwa pia mzigo, kwani lolote ambalo angeliandika lingelipimwa kwa mizani ya wazee hao wawili.

Ibsen hakuanzia kwenye sanaa. Alikuwa afisa wa jeshi na rubani, kisha akashiriki kuanzisha kampuni ya ndege ambayo haikudumu. Katika miaka ya 1920 alikwenda Hollywood, ambako alijifunza ufundi wa kusimulia kwa picha.

Mnamo mwaka 1931, akishirikiana na Einar Sissener, aliongoza Den store barnedåpen, filamu ndefu ya kwanza ya Norwei yenye sauti. Chanzo chake kilikuwa tamthilia ya Oskar Braaten kuhusu maisha ya wafanyakazi wa Oslo. Umuhimu wa tukio hilo ni wa kiisimu pia. Sinema bubu ilivuka mipaka kwa kubadilishiwa maandishi tu. Sauti ilizilazimisha jamii zenye wasemaji wachache ama zisikilize lugha za wengine, ama zigharimie filamu za lugha zao ingawa soko lilikuwa dogo. Ibsen alichagua njia ya pili, na usemi wa watu wa kawaida ukapata nafasi katika sinema.

Uchaguzi huo ulizaa matunda. Fant (1937), iliyotokana na riwaya ya Gabriel Scott, na Gjest Baardsen (1939), zote mbili zikiigizwa na Alfred Maurstad, zinahesabiwa miongoni mwa filamu bora za kipindi ambacho wanahistoria wa Norwei hukiita enzi ya dhahabu. Uvamizi wa Ujerumani wa mwaka 1940 uliikatiza enzi hiyo. Ibsen mwenyewe baadaye alifungwa Ujerumani pamoja na maafisa wenzake.

Kazi za mababu zake hakuzikwepa. Mwaka 1934 aliongoza nchini Uswidi filamu iliyotokana na hadithi ya Bjørnson, Synnøve Solbakken, na mwaka 1963 akaongoza Vildanden, kutokana na tamthilia ya Henrik Ibsen. Hata hivyo, mchango wake mkuu haumo katika urithi huo, bali katika kuthibitisha kwamba lugha ya wachache inaweza kubeba sanaa mpya yenye gharama kubwa.